Kocha alikuwa na nafasi 85, akasajili kana kwamba ana 100: futiboli ya vyuo Marekani na vijana wanaoambiwa "subiri Januari"

#1 Siti ya Dirishani

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa usajili wa Simba na Yanga kuna mdau aliandika kwamba Wamarekani ndio wanaojua kuendesha michezo kwa haki, kwa sababu kule kila timu ina kikomo cha wachezaji na tajiri hawezi kuhodhi. Nilianza kumjibu palepale, jibu likanenepa, nikaona nilifungulie uzi wake. Ni refu. Wale wa kusoma kichwa cha habari na kurukia kukomenti mnakaribishwa pia, hatujawahi kuwafungia mlango.

Nianze na ninavyolijua jambo lenyewe. Kati ya 2010 na 2012 nilikuwa nasoma shahada ya pili kwenye chuo kimoja cha serikali kusini mwa Marekani, jina nalihifadhi. Hela ya kula niliipata kwa kuwafundisha hesabu wachezaji wa chuo, jioni, kwenye jengo lao wenyewe. Nazungumzia futiboli yao ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, siyo kandanda letu. Jengo hilo ukiingia utadhani makao makuu ya benki. Sisi wanafunzi wa kawaida maktaba yetu ilikuwa inavuja.

Sasa utaratibu. Kwa miaka mingi NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, walikuwa wanaruhusu timu ya daraja la juu kuwa na wachezaji 85 wanaosomeshwa kwa sababu ya mpira. Na 85 hiyo ilikuwa haikatwi vipande. Ukimpa kijana dola 100 tu kwa ajili ya mpira, umeshatumia nafasi nzima. Juu yake kulikuwa na kikomo kingine: usiingize wapya zaidi ya 25 kwa mwaka.

Kabla ya 1973 hapakuwa na kikomo cha taifa. Vyuo vikubwa vilikuwa vinasomba vijana kama mchanga wa mtoni, wengine wanasajiliwa ili tu mpinzani asiwapate. (Nyie mashabiki wa timu zetu mbili kubwa najua mnatabasamu.) Mwaka 1973 wakaweka 105, mwaka 1978 wakashusha hadi 95, na kati ya 1992 na 1994 wakateremka taratibu mpaka 85. Nia ilikuwa kubana matumizi na kuwapa wanyonge nafasi ya kupumua. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye hesabu ya enzi hizo. Chukua kalamu. Wapya 25 kila mwaka, miaka minne, ni 100. Na wengi hukaa mitano, maana mwaka wa kwanza mtoto anaweza kufanya mazoezi bila kucheza mechi, wenyewe wanaita kuvaa shati jekundu. Hao ni 125. Nafasi ni 85. Kwa hiyo hata kocha mcha Mungu kabisa anaishi kwa kutegemea kwamba watu wataondoka. Na kweli wanaondoka: huyu kafeli, yule kakumbuka kwao, mwingine kadakwa na bangi, na walio bora zaidi baada ya miaka mitatu wanakwenda NFL, ligi yao ya kulipwa. Tatizo ni kwamba mwezi Februari, siku ya kusaini, kocha hajui wataondoka wangapi. Akisajili wachache, Agosti anabaki na nafasi tupu. Akisajili wengi, Agosti ana watu 89 na viti 85.

Mliowahi kusafiri kutoka Ubungo msimu wa Krismasi, enzi zile stendi iko pale, mnaujua mchezo huu. Una tiketi, jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu, namba ya siti 14. Unaingia, 14 ina mama na mtoto, naye ana tiketi ya 14. Konda hana hata aibu: "Kaka kaa hapa kwenye ndoo, Chalinze kuna mtu anashuka." Pengine kweli anashuka. Pengine hashuki, unafika Iringa mgongo umepinda. Cha kukumbuka ni kwamba hela yako keshaishika, na mabasi mengine yameshaondoka.

Kule ndoo yao ina jina la heshima. Wanaita shati la kijivu. Kijana kasaini Februari, kaagwa shuleni kwao, kapigwa picha na kofia ya chuo, kisha Julai anapigiwa simu: nafasi zimejaa, usije Agosti, njoo Januari, utahesabiwa na wa mwaka ujao. Miezi minne hiyo akae nyumbani au ajilipie. Mwaka 2010 pale LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kuna mchezaji alishahamia bwenini kabisa ndipo akaambiwa habari hiyo. Alikasirika, akafungasha akaenda chuo kingine. Vyuo vingi wakati huo vilikuwa vimeshamaliza usajili wao.

Kinara wa mambo haya kwenye magazeti alikuwa Houston Nutt, kocha wa Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Mwaka 2009 alisaini vijana 37. Thelathini na saba, kwenye nafasi 25! Aibu ikawa kubwa mpaka ligi yao ya SEC ikaweka kikomo cha kusaini 28, na mwaka 2011 wakashusha hadi 25. Wenzao wa ligi ya Big Ten kaskazini walikuwa wamelibana jambo hili tangu 1956, na hata walipolegeza mwaka 2002 waliruhusu watu watatu tu wa ziada. Kwa hiyo msiniambie haliwezekani.

Njia ya pili ya kupunguza watu ndiyo niliyoiona kwa macho yangu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mchezaji akithibitishwa na daktari kwamba kuumia kwake hakumruhusu kucheza tena, anaendelea kusomeshwa, lakini enzi hizo alikuwa hahesabiwi kwenye zile 85. Kwa asili yake ni sheria ya huruma. Mtoto kavunjika akiwa kwako, msomeshe amalize. Ila kocha aliyezidiwa na watu wanne mwezi Julai anaitazama kwa jicho jingine.

Nilikuwa na kijana mmoja nikimfundisha aljebra, mwaka wake wa pili. Mkubwa, mpole, anaandika namba ndogondogo kama anaogopa kumaliza karatasi. Alikuwa na goti lililopasuliwa mwaka uliotangulia. Jioni moja mwezi Julai kaja, hakukaa. Akaweka bahasha ya kaki mezani akaniomba nimsomee, maana maneno ni mengi. Ilikuwa fomu ya kukubali kwamba hatacheza tena kwa sababu za kiafya. Nikamuuliza goti linauma? Akasema hapana, asubuhi ile ile kakimbia ngazi za uwanja. Nikamuuliza sasa kwa nini? Akasema kocha wake kamwambia ni bora hivi, atamaliza shule bila presha, na kwamba "chumba kimejaa". Mlango wa ofisi ya pili ulikuwa wazi, na ukutani kulikuwa na ubao wenye sumaku za majina, rangi rangi. Jina lake lilikuwa limeshahamishiwa pembeni, chini, peke yake. Fomu ilikuwa bado haijasainiwa, iko mkononi mwangu.

Wiki ile ile kadi yake ya kantini ya wachezaji ikaanza kuwaka nyekundu. Tulikuwa tunakula vitafunio vya kwenye mashine, koridoni.

Sisemi alidhulumiwa shule. Alisomeshwa. Ila aliambiwa mwili wake ni mbovu na mtu anayehitaji nafasi yake. Mpaka leo sijapata neno la kuliita jambo hilo, na ndiyo maana nawauliza nyie: kosa lipo kwenye kikomo, kwa kocha, au kwa mzazi aliyesaini bila kuuliza?

#2 Jicho la Kengeza

Mkuu uzi mrefu kama bajeti ya wizara. Nimefika kwenye ndoo nikakumbuka safari yangu ya Songea 2008, nikashindwa kuendelea kwa uchungu. Nitarudi.

#3 Baharia wa Houston

Siti, umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Mimi niko huku mwaka wa 17, na mpwa wangu kacheza futiboli ya sekondari hapa Texas. Tuongee ukweli.

Kwanza, kocha analipwa kushinda. Asiposhinda anafukuzwa ndani ya miaka mitatu na hakuna anayemfungulia uzi wa kumlilia. Pili, hao vijana hawasajiliwi usingizini. Kila mtu Alabama na Mississippi alijua nani anasajili kupita nafasi. Kulikuwa na watu kazi yao ni kuhesabu tu, wanakuambia timu fulani iko watu 7 juu. Mzazi anayetaka usalama ampeleke mwanawe Big Ten, si umesema wenyewe ni waadilifu? Mbona vijana wakubwa walikuwa hawaendi huko, wanakimbilia SEC?

Tatu, na hili ndilo kubwa: mkosaji ni kikomo chenyewe. Nani aliamua 85? Vyuo wenyewe wamekaa mezani wakakubaliana kutotoa msaada kwa watu zaidi ya idadi fulani. Wafanyabiashara wa sukari wakifanya hivyo tunawaita walanguzi. Pasingekuwa na kikomo, yule kijana wako wa goti angebaki kwenye timu na huyo mpya angeingia, kila mtu kafurahi. Halafu mnamtupia lawama kocha, ambaye na yeye kakuta meza imeshapangwa.

#4 Mama Kulwa

Naomba kuuliza kama mzazi, sijui mpira wowote. Huko kusaini mnakosema, anasaini nani na anasaini nini? Kama ni mkataba, chuo kinawezaje kumwambia mtoto njoo Januari?

#5 Siti ya Dirishani

Mama Kulwa, hilo swali ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Kulikuwa na karatasi inaitwa barua ya kitaifa ya nia. Kijana anasaini, na akiwa chini ya miaka 21 mzazi naye anasaini. Akishasaini, vyuo vingine vyote vinatakiwa kuacha kumfuata, na yeye akibadili mawazo anapata adhabu ya muda wa kucheza. Huo ndio upande wa mtoto. Upande wa chuo una masharti: awe amekubaliwa na ofisi ya udahili, awe amefuzu, na kadhalika. Na ile skolashipu yenyewe ilikuwa karatasi nyingine. Kwa hiyo mtoto amefungwa kwa kamba na chuo kimefungwa kwa uzi. Hiyo barua wameifuta Oktoba 2024, ila nyakati ninazozieleza ilikuwa na nguvu kuliko cheti cha ndoa.

Baharia, nakuja kwako, ngoja nimalize kikao.

#6 Wakili wa Mtaani

Niongezee kwa Mama Kulwa, maana hapa ndipo watu wanapigwa chenga.

Watu wanadhani skolashipu ilikuwa ya miaka minne. Hapana. Mwaka 1973, mwaka ule ule waliokuja na kikomo, NCAA ikaamua msaada uwe wa mwaka mmoja mmoja. Kila ifikapo Julai mosi chuo kinamwandikia mwanafunzi kama kinaendelea naye au la. Akinyimwa ana haki ya kukata rufaa kwenye kamati ya chuo hicho hicho. Fikiria umri wa miaka 19 unakwenda kumshitaki kocha ambaye kwenye jimbo lile analipwa kuliko gavana.

Mwaka 2011 wakaruhusu tena mikataba ya miaka mingi. Ruhusa tu, wala si lazima. Februari 2012 vyuo vikapiga kura ya kuifuta hata hiyo ruhusa. Waliotaka ifutwe walikuwa asilimia 62.12. Zilitakiwa 62.5. Someni tena namba hizo. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walitaka hata wenzao wanaopenda kuahidi miaka minne wasiahidi! Mpaka Januari 2015 ndipo ligi kubwa tano zikakubaliana kwamba mwanafunzi asinyang'anywe msaada kwa sababu ya uwezo wake uwanjani.

Baharia ana hoja kuhusu walanguzi, ila akumbuke walanguzi hao hao ndio walioandika na kipengele cha mwaka mmoja. Kikomo peke yake kisingemuumiza mtu. Ni kikomo pamoja na haki ya kumtema mtu ndivyo vilivyozaa biashara hii.

#7 Siti ya Dirishani

Baharia, nimerudi.

Kuhusu "kila mtu alijua": nani huyo kila mtu? Shabiki anayeshinda kwenye mitandao kuhesabu majina, sawa. Mama wa kijana wa goti alikuwa anafanya kazi ya usafi kwenye kituo cha wazee. Nilimuona mara moja, alikuja na keki. Kocha alishakaa sebuleni kwake, kala chakula chake, kamwambia nitamlea kama mwanangu. Hakumwambia "nimeahidi watu 29, tuombe Mungu wanne waondoke". Mimi hapo ndipo ninapomshika. Kusajili zaidi ya viti, kwa sababu hujui nani atashuka, ninaweza kukuelewa. Hospitali zinafanya, ndege zinafanya. Ndege ikizidisha abiria, lakini, inatangaza ukumbini, inatoa hela, inasubiri anayejitolea. Hapa hasara yote inabebwa na yule mwenye habari chache kuliko wote, na anaambiwa mwezi Julai milango mingine imefungwa. Kocha aseme Februari: wewe ni wa 27, kuna uwezekano mkubwa uje Januari, utakuja? Wapo waliosema hivyo kwa uwazi na vijana wakakubali. Wa namna hiyo sina neno nao.

Tena sikuwa peke yangu. Bernie Machen, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Florida, aliandika hadharani mwaka 2011 kulipinga shati la kijivu, naye chuo chake kiko SEC humo humo. Na Mark Richt, wakati huo kocha wa Georgia, alilisema vibaya mwaka huo huo. Wapinzani wao wakajibu kwamba hao wanalia kwa sababu wanafungwa. Pengine. Anayelia huwa halii bure.

Suala la skolashipu za matibabu pia liliandikwa. Gazeti la Wall Street Journal mwaka 2010 liliitaja timu ya Chuo Kikuu cha Alabama: tangu 2007 wachezaji wasiopungua 12 walikuwa wamepewa, na baadhi yao wakasema walihisi wamesukumwa. Chuo kikakataa, kikasema uamuzi ni wa madaktari. Mimi sikuwa huko, siamui. Nasema tu kwamba mahali nilipokuwa mimi, ambapo ni pengine kabisa, sumaku ilihama kabla ya saini.

#8 Mbio za Nyika

Nawasalimu kutoka Uasin Gishu. Mimi sijacheza futiboli, lakini hii hadithi naijua kwa miguu yangu.

Sisi wakimbiaji mambo yetu yalikuwa tofauti na ya hao wa kofia. Kwa wanaume, riadha na mbio za nyika zote pamoja chuo kilikuwa na skolashipu 12.6. Ndiyo, pointi sita! Na hizo zinakatwa vipande. Kocha anaweza kukupa asilimia 40, mwingine 70, mrusha mkuki 25. Kocha wa riadha ni kama mama wa watoto kumi na mbili na mkate mmoja na nusu. Wanawake walikuwa na 18, kwa sababu futiboli ikishakula nafasi 85 za wanaume, sheria ya usawa wa kijinsia ya 1972 inadai wanawake wafidiwe kwingine. Kwa hiyo ile 85 mnayoijadili ilikuwa inanikata mimi Mkenya ambaye sijawahi kuugusa huo mpira wao wa yai.

Nilienda kwa asilimia 70. Iliyobaki nililipa kwa kuosha sahani chuoni, masaa 20 kwa wiki, maana visa ya mwanafunzi hairuhusu zaidi. Mwaka wa pili nikapata jeraha la kano ya kisigino, nikamaliza msimu nikiwa wa sita kwenye timu. Likizo nikarudi nyumbani. Mwisho wa Juni niko saiba pale Eldoret, nafungua barua pepe, naona: mwaka ujao asilimia 30. Hakuna simu. Baadaye nikajua kulikuwa na vijana wawili wapya kutoka Iten, mmoja wao tulikuwa tunakimbia pamoja asubuhi na hakuniambia, hata yeye hakujua asilimia zake zimetoka wapi.

Mmarekani akikatwa anakwenda chuo cha karibu na kwao. Mimi nikikatwa, bila kulipa ada sina shule, na bila shule sina visa. Niliwahi kupata chuo kidogo cha daraja la pili kilichonichukua, nikamaliza huko uhasibu. Sina kinyongo. Kocha yule alinifundisha kuendesha gari. Lakini mnapouliza kosa ni la nani, mimi nasema hivi: angenipigia.

#9 Jicho la Kengeza

Nimerudi nimesoma wote. "Angenipigia." Mzee umenimaliza.

Enzi za wakimbiaji kina Henry Rono pale Washington State na Suleiman Nyambui wetu pale El Paso nilidhani ukishavunja rekodi unakula kuku tu. Kumbe kuna asilimia.

#10 Mkulima wa Kisasa

Wadau mnajadili maiti. Hayo mambo ya 85 yalikwisha 2025.

Tangu 2018 kuna lango la uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, na mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, kama kwenye matangazo. Leo mchezaji ndiye anauza siti moja kwa makocha watatu. Anaahidi hapa Juni, Desemba anasaini kule, kisha anaingia langoni anataka hela zaidi. Kocha naye ni binadamu, kwa nini asijiwekee akiba?

#11 Siti ya Dirishani

Mkulima, hilo la wachezaji kuvunja ahadi nakubali, lipo na linaudhi. Ila mtoto akivunja ahadi, kocha wa mamilioni anakosa mchezaji mmoja kwenye kikosi kizima. Kocha akivunja, mtoto anakosa yote. Mizani haiko sawa, tusijidanganye.

Na lango lenyewe limekuwa mlango wa uani wa kutolea watu. Siku hizi hakuna haja ya daktari. Kocha anakuita Desemba, anafunga mlango, anakuambia "sikuoni ukicheza hapa, unaonaje ukajaribu lango?" Ukijiandikisha mwenyewe, chuo kina ruhusa ya kukata msaada muhula ukiisha. Umejitoa kwa hiari, kwenye makaratasi. Kocha Deion Sanders alipopewa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado Desemba 2022, yeye angalau aliwaambia wachezaji mbele ya kamera, kwenye kikao cha kwanza, kwamba anakuja na watu wake na wao waingie langoni. Zaidi ya 50 waliondoka. Watu walimtukana. Mimi, msinipige mawe, nilimheshimu kidogo. Alisema Desemba, wenzake wanasema Julai.

#12 Wakili wa Mtaani

Na hiyo 2025 anayoisema Mkulima ina kisa chake. Juni 6 jaji Claudia Wilken kule California aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliidai NCAA malipo. NCAA na ligi zake zinawalipa wachezaji wa zamani dola bilioni 2.8 ndani ya miaka kumi, na kila chuo kilichojiunga na suluhu kiliruhusiwa kuwagawia wa sasa mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kwa vyuo hivyo kikomo cha skolashipu kikafutwa. Badala yake kuna kikomo cha watu kwenye kikosi: futiboli 105.

Baharia angeshangilia hapo, si ndiyo? Nafasi zimeongezeka kutoka 85 hadi 105, na wote wanaweza kusomeshwa. Lakini timu zilikuwa na watu 120 na zaidi, kwa sababu nje ya zile 85 kulikuwa na wanaojilipia ada wakitafuta bahati. Wamo waliotoka humo wakawa wakubwa. Baker Mayfield alianza hivyo akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2017. Stetson Bennett alianza hivyo Georgia akabeba ubingwa wa taifa mara mbili. Sasa makocha, kabla hata jaji hajasaini, walishaanza kuwatema watu kufikia 105. Jaji alikasirika, akagoma kuidhinisha mwezi wa nne mpaka waliotemwa wawekwe kwenye orodha maalumu wasihesabiwe. Wakawekwa. Ila kocha halazimiki kuwarudisha.

#13 Baharia wa Houston

Wakili umenikamata shati. Nakubali, ukiongeza viti mwenye basi anaongeza na abiria.

Lakini bado nauliza: ungekuwa wewe kocha, una nafasi tatu tupu mwezi Agosti kwa sababu ulikuwa mwaminifu Februari, na unafungwa mechi nne mfululizo, mashabiki 80,000 wanazomea, utajisikiaje kuhusu uaminifu wako?

#14 Siti ya Dirishani

Vibaya. Ningejisikia vibaya sana. Na hizo nafasi tatu ningewapa watatu katika wale wanaojilipia, kama makocha wengi walivyokuwa wanafanya. Tafuta video za siku hizo, kocha anatangaza mbele ya timu, mtu wa kilo 130 analia kama mtoto. Nafasi tupu haijawahi kukosa mtu, Baharia.

#15 Mama Kulwa

Samahani narudisha nyuma. Yule kijana wa goti, alisaini ile fomu?

#16 Siti ya Dirishani

Alisaini. Pale pale kwenye meza ya aljebra, kwa kalamu yangu, nami sikumzuia. Nilikuwa na miaka 26, visa ya mwanafunzi, na kibarua kilichotoka kwenye idara hiyo hiyo. Nilimsomea kila mstari polepole, nikamuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa.

Alimaliza shule. Tunaandikiana mara moja moja. Ana watoto wawili, anauza bima, na Jumapili anacheza kikapu na majirani. Mwaka jana nilimuuliza kuhusu goti. Akanijibu: "Goti gani?"

#17 Mbio za Nyika

Goti la kulia au la kushoto, uliwahi kuona kovu?

#18 Siti ya Dirishani

Kovu lipo. Kushoto.